Meka ya Tatu

Chisanga Kalumba amerudisha barua.
Ameikunja mara nne, kama mtu anavyokunja karatasi ya deni,
akaisukuma chini ya kioo cha dirisha langu:
"Mama wa biro, waambie sikitaki hicho cheo."

Mwaka wa kumi na moja anachomelea mabomba ya kiwanda,
shingo yake ina alama ndogondogo za cheche,
na leo wamempa timu aiongoze, na nyongeza juu yake,
naye anaikataa kama bukari iliyolala.

"Nimeambiwa. Ukipanda ngazi ya kodi
serikali inakunyang'anya hata ulichokuwa nacho.
Musumba wa gereji alipandishwa,
akarudi nyumbani na pungufu."

Namjua Musumba. Nilimkata mimi mwenyewe.
Mwezi ule alikuwa analipa deni la pikipiki,
jambo ambalo hakuwaambia walipokuwa wakinywa.

Mimi ninayekata mishahara ya watu mia mbili na sita
nilimwandikia: tatu kwa mia, kumi na tano kwa mia,
thelathini kwa mia.
Aliitazama karatasi kama mvua inayonyesha Likasi.
Namba zangu hazikumlowesha.

Jumamosi nikapita soko la Kenya kutafuta unga.
Mkewe, Ngosa, anauza pale, jirani na wenye makaa,
mikono myeupe mpaka viwikoni.
Nikamwambia habari ya barua. Hakunijibu.
Mume alipofika kumbebea gunia
alimkalisha juu ya ndoo, akapanga meka tatu,
akazijaza, akazipangusa kwa kijiti, sawasawa.

"Hii ya kwanza. Serikali inachukua hivi."
Akafinya kwa vidole viwili.
"Hii ya pili, hivi."
Ukufi mmoja, haukujaa.
"Hii ya tatu ndiyo nyongeza yako. Hapa wanatia mkono."
Akautia kweli, akachota karibu theluthi,
vumbi la unga likapanda hadi kwenye ndevu za mume.

"Sasa niambie, Chisanga.
Waliochota hapa, wamerudi kuigusa ya kwanza?
Wamerudi kwenye ya pili?"

Aliitazama meka ya tatu, ile yenye shimo.
Akainyanyua, akaipima kiganjani,
akaishusha, akainyanyua tena.
"Ingali nzito," alisema, kama anayelalamika.
"Ingali nzito, ndiyo. Hiyo ni shule ya Bupe.
Utaimwaga kwa sababu ya maneno ya Musumba?"

Mteja akauliza bei. Ngosa akamuuzia meka ya kwanza
bila kurudisha ile aliyoifinya.

Jumatatu Chisanga alitia sahihi, herufi kubwakubwa,
akaikandamiza kalamu mpaka ikatoboa.

Mwisho wa mwezi nikampa buleteni yake.
Wengine hukimbilia chini kulia,
kwenye ile namba inayofika nyumbani.
Yeye alianza juu. Kidole chenye kovu
kikashuka mstari kwa mstari, midomo ikimtikisika:
jumla, pensheni, kodi, sabuni ya mkopo wa kantini.
Alipofika mwisho alikaa kimya,
akahesabu kitu kwa vifundo vya mkono wa kushoto.

"Imezidi," alisema.
Si kwa furaha. Kwa hesabu tu.

Nikadhani tumemaliza.
Kidole kikapanda tena, kikasimama kwenye kodi.
"Na huu unga uliochotwa, Mama wa biro,
unapikwa wapi?"

Foleni nyuma yake ilikuwa imefika mlangoni.
Kwetu Katuba mvua ya juzi imekula tena kivuko cha mfereji,
asubuhi nilivuka nimeshika viatu mkononi.
Nilitazama fomu. Ina safu kumi na nne.
Niliipitia yote, safu kwa safu, naye akinitazama,

kisha nikaita jina linalofuata.